Kuwajibu Wasemao Miwani Yote ni Mamoja

Kuna usemi uliokwisha kuota mizizi miongoni mwa watu wenye elimu, nao ni huu: ya kuwa miwani ya jua ni kitu cha kununua na kutupa, ya kuwa fremu zote mwisho wake ni kuvunjika, na ya kuwa mwenye akili hununua ile ya bei ya chini kuliko zote, ikivunjika akanunua nyingine. Niliusikia usemi huu mara ya kwanza kinywani mwa mwalimu mwenzangu, mtu nisiyeweza kumdhania ujinga, tulipokuwa tumekaa kunywa chai baada ya vipindi vya asubuhi. Tangu hapo nimeusikia kwa wanafunzi, kwa madereva, na kwa wauza miwani wenyewe, ambao wana sababu nzuri ya kuupenda. Siku ile nilinyamaza. Leo nataka kuujibu, kwa kuwa nauona kuwa ni usemi wenye madhara matatu: unadhuru jicho, unadhuru mfuko, na unadhuru ule uwezo wa mtu wa kupambanua kitu kilichotengenezwa vema na kitu kilichotengenezwa ovyo.

Najua kuwa msomaji aweza kucheka. Insha juu ya miwani ya jua katika jarida la fasihi! Lakini wahenga wetu hawakuona haya kuchuma hekima katika chungu, jembe, kinu na mtumbwi. Walijua kwamba mtu hufahamika kwa vyombo anavyovichagua na kwa jinsi anavyovitunza. Chombo kinachokaa juu ya pua ya mtu mchana kutwa, kikalinda kiungo ambacho hakina cha kukibadili, hakiwezi kuwa kidogo mno kwa kalamu ya mwandishi.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Walikusudia kwamba jicho huona hata lisilopasa kulitazama, wala hapana wa kulikataza. Mimi naomba ruhusa ya kulitumia neno lao kwa maana nyingine iliyo karibu. Kope ni pazia fupi mno mbele ya jua la ikweta. Nuru tunayoiona ni sehemu tu ya kile kinachotufikia kutoka angani. Pamoja nayo huja miale ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni wala haliihisi ipitapo. Miale hiyo ikiingia kwa miaka mingi huwa mojawapo ya mambo yanayosaidia kuleta mtoto wa jicho, ingawa umri ndio sababu kubwa zaidi ya ugonjwa huo. Na Shirika la Afya Duniani limekuwa likiutaja mtoto wa jicho kuwa kisababishi kikuu cha upofu ulimwenguni. Jua hilohilo, likishirikiana na vumbi na upepo, huotesha kile kinyama kinachotambaa juu ya weupe wa jicho kuelekea mboni, ambacho tumekiona katika macho ya wavuvi, wakulima na waendesha pikipiki wengi hata tumekizoea, kana kwamba ni alama ya kazi zao.

Pazia basi latakiwa. Kioo cha miwani ndicho pazia lenyewe, lakini fremu ndiyo fimbo ya pazia. Na pazia lisilo na fimbo huanguka. Kioo bora kuliko vyote duniani hakilindi kitu kikiwa kimelala ndani ya mkoba kwa sababu mkono wa miwani umekatika. Kwa hiyo wale wasemao kwamba jambo kubwa ni kioo, na fremu ni urembo tu, wanatenganisha vitu viwili ambavyo kazi imeviunganisha. Kinga ya miwani huhesabiwa kwa siku ilizovaliwa, na siku ilizovaliwa huhesabiwa kwa uimara wa fremu.

Nitaeleza jambo lililonipata ili msomaji aone kwamba siandiki kwa kubuni. Mwaka juzi, mwezi wa Januari, nilikuwa nimechelewa kipindi, nikapanda pikipiki. Dereva alikuwa kijana mwangalifu, mwenye adabu, naye alivaa miwani myeusi ya kuzuia jua na vumbi. Tulipokuwa katika mwendo, bawaba ya upande wa kulia iliachia. Mkono wa miwani ulining'inia, kioo kikamwangukia shavuni, naye kwa hofu ya kuipoteza miwani yake aliinua mkono mmoja kutoka kwenye usukani ili aidake. Katika muda wa kupepesa jicho tulikuwa tumeuacha upande wetu wa barabara, na lori lilikuwa linakuja. Alirudi. Tulipona. Tuliposimama pembeni aliniambia, huku akitetemeka, "Mwalimu, nisamehe, hii ni ya tatu tangu Idi." Sikuwa na la kumlaumu. Nilitazama ile bawaba: ilikuwa na fundo mbili nyembamba za plastiki, zimeumbwa pamoja na fremu yenyewe, bila skrubu, bila chuma chochote ndani yake. Chombo kile hakikuvunjika kwa bahati mbaya. Kilitengenezwa kivunjike.

Sasa na tuutazame usemi wa wapinzani wangu ulikozaliwa. Mwaka 1929 mfanyabiashara Sam Foster alianza kuuza miwani ya jua ya bei nafuu katika mji wa pwani wa Atlantic City, Marekani. Wanunuzi wake walikuwa watu waliokuja ufuoni kupunga upepo wakati wa kiangazi. Kwao jua lilikuwa mgeni: huja, hukaa wiki chache, huondoka. Miwani iliyodumu hadi mwisho wa likizo ilikuwa imetimiza wajibu wake wote, na ikivunjika baada ya hapo hapana aliyepata hasara. Silaumu desturi hiyo mahali ilipoanzia. Nalaumu kuichukua nzima nzima na kuileta Dar es Salaam, Mombasa, Tabora na Bujumbura, mahali ambapo jua si mgeni bali ni mwenyeji, nalo hutukalia utosini mwaka mzima. Mtu avaaye miwani siku kumi kwa mwaka na mtu avaaye siku mia tatu hawanunui kitu kimoja, hata kama majina ya vitu vyao ni mamoja. Wa pili akiikunja na kuikunjua miwani yake mara sita tu kwa siku, bawaba zake zitakuwa zimefanya kazi mara 1,800 kabla ya mwaka kwisha. Kitu kilichokusudiwa mapumziko ya ufuoni hakiwezi kustahimili hesabu hiyo.

Hoja ya pili ya wapinzani ni ya fedha, nayo ndiyo wanayoitegemea kuliko zote. Wanasema rahisi ni rahisi. Nami nitawajibu kwa daftari langu. Katika mwaka mmoja nilinunua miwani mara nne, kila mara kwa shilingi 8,000. Jumla yake shilingi 32,000. Mara ya tano nilinunua miwani ya fremu ya nailoni yenye bawaba za chuma, kwa shilingi 45,000, na mke wangu akaniuliza kama nimerukwa na akili. Miwani hiyo leo ina miaka mitatu na nusu. Imebadilishwa skrubu moja, kwa shilingi 1,000. Kama ningaliendelea na desturi ya kwanza, katika muda huohuo ningalitumia shilingi 112,000, nimetumia 46,000. Tofauti ni shilingi 66,000, bila kuhesabu siku nilizotembea macho wazi kati ya kuvunjika kwa moja na kununuliwa kwa nyingine. Basi rahisi ilikuwa ghali, na ghali ilikuwa rahisi. Bali hesabu hii haionekani kwa mtu anayehesabu siku ya kununua peke yake.

Lakini nisifahamike vibaya. Sisemi kwamba bei kubwa ni ushahidi wa uimara. Kuna kundi la pili la wakosaji, nao ni wale wanaonunua jina. Hawa humwona mwenye miwani ya shilingi 8,000 kuwa mshamba, na wao wenyewe hawajapata hata siku moja kuitazama bawaba ya miwani yao. Na waambiwe jambo ambalo si siri: kampuni ya Luxottica ya Italia, iliyoinunua Ray-Ban mwaka 1999 na Oakley mwaka 2007, kisha ikaungana na Essilor ya Ufaransa mwaka 2018, hutengeneza pia miwani yenye majina ya nyumba za mitindo kama Prada na Chanel. Nyumba ya mitindo hutoa jina. Kiwanda hutoa fremu. Alipaye kwa jina amelipa kwa jina, na huenda akapata fremu njema au asipate. Zaidi ya hayo, katika masoko yetu majina hayo huchapwa juu ya vitu ambavyo wenye majina hawajapata kuviona. Herufi za dhahabu ubavuni mwa miwani ni kama kilemba kichwani mwa mtu usiyemjua: hazikuambii kama ana elimu.

Wote wawili, mpenda rahisi na mpenda jina, wana kosa moja: hawaitazami kazi ya fundi. Mmoja hutazama bei, mwingine hutazama maandishi. Nataka niwaonyeshe mahali pa kutazama.

Kwanza ni mata ya fremu. Plastiki ya kumiminwa katika kalibu, ambayo ndiyo tunayoiona kwa wingi barabarani, aghalabu ni dhaifu penye pembe, nayo hupakwa rangi juu. Ikikwaruzwa huonyesha mwili wa rangi nyingine chini yake. Asetati, ambayo hutokana na selulosi ya pamba au ya miti, hukatwa kutoka katika bapa, na rangi yake hupenya mwili mzima. Fundi aweza kuipasha moto kidogo akailinganisha na uso wa mtu. Ni mata njema, lakini huchukia joto kali, na mtu anayeiacha mbele ya kioo cha gari mchana ataikuta imepinda. Nailoni ni nyepesi, hupinda na kurudi, huvumilia joto na kuanguka, na kwa maoni yangu ndiyo imfaayo zaidi mtu wa kazi za jua. Katika metali, jihadhari na ile iliyopakwa rangi ya dhahabu au fedha juu ya mchanganyiko dhaifu. Jasho huitoboa, kisha hufanya kutu ya kijani, na yenye nikeli huweza kuwawasha watu wengine ngozi. Chuma kisichoshika kutu ni chema. Titani ni bora zaidi: haili kutu kwa jasho wala kwa maji ya bahari, na uzito wake ni zaidi kidogo tu ya nusu ya uzito wa chuma. Bei yake ni kubwa, wala simlazimishi mtu.

Pili, na hapa ndipo penye shina la mambo, ni bawaba. Fremu chache huvunjika katikati. Nyingi hufia kwenye bawaba. Bawaba ni mafundo yanayoingiliana kama vidole vya mikono miwili, na skrubu hupita katikati yake. Yako ya mafundo matatu, matano, na hata saba. Kadiri yanavyozidi ndivyo mzigo unavyogawanyika. Tazama kama bawaba ni ya metali. Tazama kama ina skrubu ya kweli, inayoweza kufunguliwa na bisibisi ndogo, kwa maana kisichofunguliwa hakitengenezeki. Tazama jinsi ilivyoshikizwa katika fremu: ile iliyopigwa ribiti zinazopenya hadi upande wa mbele hushika kuliko ile iliyobandikwa kwa gundi. Wala usidanganywe na vile vitone viwili ving'aavyo usoni mwa fremu, maana fremu nyingi siku hizi huwekewa vitone vya pambo tu. Geuza upande wa ndani uone kama panalingana. Bawaba zenye springi humfaa mwenye kichwa kipana, lakini zina viungo vingi, na mchanga na chumvi ya pwani huviingia.

Tatu ni majaribio, nayo hayahitaji chombo wala shahada. Ikunjue miwani uiweke juu ya meza: mikono yote miwili haina budi kugusa meza. Ifunge na kuifungua polepole: isilegee kama mlango wa banda, wala isikwame. Ishike kwa mikono miwili uipinde kidogo sana: fremu njema hukubali kisha hurudi, mbaya hulia. Ivae, inama kama mtu anayefunga kamba za viatu, utikise kichwa: isianguke. Muuzaji akikukataza kufanya haya, amekwisha kukujibu.

Na kwa kuwa sikusudii kukitukuza kiunzi nikasahau pazia, nasema pia: weusi wa kioo si kinga. Rangi huzuia mng'aro. Kinachozuia miale ya urujuanimno ni mata ya kioo au dawa iliyotiwa ndani yake, nayo yaweza kuwamo katika kioo cheupe kabisa na kukosekana katika kioo cheusi kama lami. Kioo cheusi kisicho na kinga kina hila mbaya, maana gizani mboni hupanuka na kuufungua mlango kwa kile kisichozuiwa. Alama UV400 maana yake ni kwamba kioo huzuia miale hadi mawimbi ya nanomita 400. Alama yaweza kubandikwa na mwongo. Maduka ya wapima macho yana kifaa cha kuihakiki. Mwendesha chombo na ajue kwamba vioo vya daraja la 4, ambavyo hupitisha asilimia 3 hadi 8 tu ya nuru, havifai barabarani. Daraja la 3 lamtosha.

Nimefika kwenye pingamizi lililo zito kuliko yote, wala sitalikwepa. Mwalimu mwenzangu aliniuliza: "Na yule kijana wa pikipiki, ambaye kila jioni hupeleka hesabu kwa mwenye chombo, atazitoa wapi shilingi 45,000 kwa mara moja?" Swali ni la haki. Umaskini una kawaida ya kumtoza mtu bei kubwa kwa vipande vidogo vidogo, na ni rahisi kwa mwenye mshahara wa mwezi kuhubiri uwekevu. Lakini na tuone swali hilo linathibitisha nini. Halithibitishi kwamba miwani yote ni mamoja. Lathibitisha kwamba kijana yule amezuiliwa kuipata iliyo bora. Mwenye kusema "yote ni mamoja" hamsaidii kijana huyo, bali humfariji kwa uongo, na uongo huo humpa nafasi muuzaji aendelee kuleta takataka. Tena, juu ya meza ileile ya barabarani, kwa shilingi zilezile 8,000, nimekuta mara nyingi fremu yenye bawaba ya chuma na skrubu imelala ubavu kwa ubavu na ile ya plastiki tupu. Bei moja, hatima mbili. Anayejua kutazama huondoka na ya kwanza. Elimu hii haina gharama, nasi tulioisomea dunia tumewanyima wenzetu kwa kuiona kuwa ni upuuzi.

Wengine husema miwani hupotea kabla ya kuvunjika, basi uimara wa nini? Ni kweli kuwa hupotea. Lakini nimeona kwamba kitu ambacho mtu amekichagua kwa uangalifu hukifanyia mahali pa kukaa: hukitia katika kasha lake, hukivua kwa mikono miwili, hukisuuza kwa maji baridi atokapo baharini, wala hakipandishi utosini mpaka mikono ikatanuka. Kitu cha kutupwa hutupwa tangu siku kiliponunuliwa. Wengine tena husema mitindo hubadilika. Umbo la miwani ya marubani lilianza kuuzwa kwa watu wote mwaka 1937, na bado lavaliwa mjini kila siku. Mtindo uliokwisha kuvaliwa na babu na mjukuu hauwezi kulaumiwa kwa kubadilika upesi.

Liko jambo moja la mwisho linalonisukuma kuandika, nalo lahusu lugha, ambayo ndiyo kazi yangu. Niliwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanieleze miwani zao. Walitaja rangi, umbo na jina la kampuni, basi. Hapana hata mmoja aliyetaja bawaba. Hata hivyo neno walikuwa nalo; bawaba ya mlango wanaijua, bawaba ya sanduku wanaijua. Skrubu wanaijua, ribiti wanaijua. Lugha haikuwapungukia; jicho ndilo lililopungukiwa, kwa sababu wamefundishwa kwamba chombo kidogo hakina sehemu zenye majina, na kisicho na sehemu zenye majina hakitengenezeki, hutupwa. Yule fundi aketiye chini ya mwavuli na bisibisi yake ndogo na kikopo cha skrubu alizozikusanya kutoka katika miwani zilizokufa anayajua majina hayo yote. Usemi wa "yote ni mamoja" ukishinda, fundi huyo atakosa kazi, nasi tutakosa mtu wa kutuambia tulipokosea.

Kwa hiyo sikubali kwamba jambo hili ni dogo. Mwalimu mwenzangu nimemsomea insha hii kabla ya kuileta hapa. Alisikiliza hadi mwisho, akaivua miwani yake, akaigeuza, akaitazama bawaba kwa mara ya kwanza tangu ainunue. Hakusema neno. Nasi, msomaji, na tuanze palepale: ivue yako uitazame.